Mandhari ya nyuma ya tangi la samaki: rezini ikinata, polistirini ikiyeyuka, maji yakibadilika

Mandhari ya nyuma ya kujitengenezea, ule mwamba wa bandia unaofunika kioo cha nyuma cha tangi, huwa na tabaka tatu. Kwanza ni polistirini iliyochongwa, ile povu nyeupe nyepesi ya vifungashio, halafu saruji au rezini (kimiminika kinachochanganywa na dawa kikaganda) inayoipa ngozi ngumu, kisha mpako wa mwisho wa kuzuia maji. Hitilafu nyingi zinazoonekana juu huwa zimeanzia tabaka la chini yake, au zimeletwa na haraka ya kupaka la juu kabla la chini halijakomaa. Ndiyo maana kupaka tena juu ya tatizo hakusaidii: unalifungia ndani, na ndani ya tangi kuna viumbe wanaoishi na kupumua ndani ya maji hayo hayo. Anza na dalili, shuka tabaka moja moja mpaka ufike chanzo, ndipo ushike brashi.

Polistirini inatoboka mara tu ukipaka

Umepaka mara ya kwanza, na hata hujachovya brashi tena unaona uso wa polistirini unalowana, vichembe vyake vinalegea, kisha shimo linafunguka na kuendelea kwenda chini. Rezini yako si mbovu. Ni rezini ya poliesta, na ndani yake mna stairini, ambayo huyeyusha polistirini. Hata uichanganye kwa uangalifu wa namna gani, itaila tu. Inayotakiwa hapa ni rezini ya aina nyingine, epoksi.

Mkanganyiko huanzia dukani. Hapa Nairobi rezini iliyo rahisi kupata ni ya mafundi wa faiba, wanaorekebisha bodi za magari na kuunda matangi. Ukifika Industrial Area au Kirinyaga Road ukaulizia rezini bila kufafanua, ndiyo utakayowekewa mbele.

"Mkubwa, uko na rezini ya epoksi?"

"Iko. Hii hapa lita moja, na dawa yake."

"Hii ni ya faiba ama ni epoksi?"

"Zote ni rezini tu, bosi. Inashika kila kitu."

Hakuna haja ya kubishana naye. Angalia hiyo dawa. Ikiwa ni kichupa kidogo cha kudondosha matone kwenye lita nzima, hiyo ni poliesta, kwa sababu kichocheo chake huwekwa kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa rezini. Epoksi huuzwa kwa vyombo viwili, na cha pili si kidogo hivyo: hupimwa moja kwa moja, mbili kwa moja, au tatu kwa moja. Kisha omba ufungue kifuniko unuse. Stairini ina harufu kali inayopanda puani papo hapo, ile ile unayoisikia ukipita karibu na karakana ya faiba. Epoksi isiyo na viyeyushi hunuka kidogo sana, na kigumishi chake kina harufu inayokaribia amonia.

Wapo wahalifu wengine wanaotoboa polistirini vilevile: rangi ya kopo la kupuliza, thina, petroli, asetoni, na gundi ya manjano ya viatu na sofa. Mtu anaweza kununua epoksi sahihi kabisa, akaipunguza uzito kwa thina ili ipakike vizuri, halafu akashangaa mashimo yametoka wapi. Epoksi haipunguzwi kwa thina katika kazi hii. Hata pale ambapo haikutoboa polistirini, thina hubaki imenaswa ndani ya mpako, huacha vijia vidogo, kisha hutoka polepole ndani ya maji.

Kipande kilichoyeyuka kikatwe hadi ufikie polistirini safi, uchonge kingine, ukipachike kwa silikoni na vijiti vya meno. Kabla ya kupaka mandhari nzima, paka kitu chochote kipya kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja na usubiri saa moja. Polistirini ya majaribio haina gharama: maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue hutupa vifungashio vya televisheni kila siku.

Wengine hufunika polistirini kwa saruji kwanza, wakapaka poliesta juu yake. Inawezekana, lakini tundu la ukubwa wa ncha ya sindano latosha kuipitisha rezini, nayo ikachimba pango usiloliona mpaka mandhari ibonyee. Mimi simshauri mtu. Poliesta ni rezini nzuri kwa kazi yake, na matangi ya faiba ya kufugia samaki huundwa kwayo. Juu ya polistirini haifai.

Siku mbili zimepita na rezini bado inanata

Hapa watu wengi hukosea kwa kuchukulia kwamba kunata ni kwa aina moja. Vaa glavu, pita ukigusa sehemu kadhaa, za juu, za katikati na ndani ya mifereji, halafu bonyeza kwa ukucha.

Ikiwa inanata kote sawasawa na ukucha unazama, chanzo ni vipimo au baridi. Kigumishi cha epoksi si hamira, kwamba ukiongeza kidogo kazi itaumuka upesi. Kila molekuli ya rezini inatafuta mwenzake upande wa kigumishi. Ukizidisha kigumishi, kinachobaki hakina cha kushikana nacho, nacho hukaa humo ndani kikiwa kibichi. Ukipunguza, rezini ndiyo inayobaki mbichi. Tabia ya kuongeza dawa kidogo kwa sababu leo kuna baridi imetoka kwa mafundi wa poliesta, ambako kichocheo kinaweza kuongezwa au kupunguzwa ndani ya mipaka yake. Kwenye epoksi tabia hiyo huharibu kazi nzima. Soma pia kama vipimo vya chupa ni vya ujazo au vya uzito, maana rezini huwa nzito kuliko kigumishi, na mbili kwa moja kwa ujazo si mbili kwa moja kwenye mizani. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja ni bora kuliko kukisia kwa vikombe.

Ikiwa una hakika na vipimo, angalia kalenda. Epoksi nyingi za kawaida zimetengenezwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25. Julai ya Nairobi, mawingu yakikaa siku nzima na asubuhi zikishuka hadi nyuzi 10 au 12, chumba kisichopata jua hakifikii joto hilo. Kanuni ya jumla ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, muda wa kukomaa huongezeka karibu maradufu. Rezini iliyopimwa sawa lakini ikapigwa na baridi haijaharibika. Ipe joto na itaendelea pale ilipoachia. Funika mandhari kwa boksi kubwa la friji, weka ndani balbu ya zamani ya kutoa joto, mbali na karatasi na mbali na rezini, ukiwa hapo hapo unaangalia. Kabla ya kuchanganya, simamisha chupa zilizofungwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Rezini italainika na mapovu yatatoka kwa urahisi.

Jiko la makaa usiliingize chumbani kwa kazi hii. Kwanza gesi yake huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa, na Nairobi tunazika watu kwa sababu hiyo. Pili huharibu hiyo epoksi unayotaka kuisaidia. Kemikali ziitwazo amini, zilizo ndani ya kigumishi, hushikana na kaboni dioksidi na unyevu wa hewani, na kinachotokea ni aina ya pili ya kunata: chini ni pagumu kabisa, ukucha hauzami, lakini juu kuna utelezi kama wa nta. Makaa huongeza kaboni dioksidi, na jiko la gesi huongeza hiyo pamoja na mvuke. Utelezi huo huonekana pia usiku wa baridi na unyevu hata bila jiko. Tiba yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na sponji ya kusugulia sufuria, usuuze vizuri, ukaushe. Usianze na msasa, kwa maana utausugua utelezi uzame kwenye mikwaruzo. Msasa ni baada ya kuosha. Ukipaka tabaka la pili juu ya utelezi huo bila kuosha, litabanduka lote baadaye.

Aina ya tatu ni mabaka. Kote ni pagumu, ila hapa na pale kuna sehemu yenye ubichi, mara nyingi pale ulipomalizia kikombe. Rezini iliyogandama pembeni na chini ya kikombe haikuchanganyika, na ulipokikwangua ukaimwaga juu ya mandhari. Koroga kwa dakika tatu nzima ukikwangua kingo, kisha hamishia kikombe cha pili ukoroge tena, na usikwangue kile cha kwanza. Mabaka yakwanguliwe kwa kisu, yafutwe kwa kitambaa chenye spiriti, yapigwe msasa, ndipo upake upya. Tabaka jipya halitakomaza lile bichi lililo chini yake, hata ungepaka matano.

Nawe uliyetumia poliesta juu ya saruji na uso wake unanata, ujue hiyo ina sababu yake tofauti. Rezini ya kupakia faiba mara nyingi haina nta, na oksijeni ya hewani huizuia kukomaa pale juu kabisa. Ndivyo ilivyoundwa, ili tabaka lifuatalo lishike. Tabaka la mwisho ndilo linalohitaji nta ndani yake.

Inayonata kote kwa sababu ya vipimo vibaya haiponi. Huo ni ukweli mgumu, hasa ukikumbuka bei ya epoksi, lakini ni lazima ikwanguliwe yote. Samaki hawapaswi kuishi na kigumishi kibichi.

Kikombe kinapata moto mkononi

Epoksi hutoa joto inapokomaa, na ikirundikana kwenye chombo chembamba joto hilo halina pa kutokea. Changanya kiasi cha gramu 150 au 200 kwa wakati mmoja na ukimimine kwenye sinia pana. Kikianza kutoa moshi, kipeleke nje kwenye saruji, usikitie kwenye pipa la taka, na kilichomo usikipake.

Vitundu vidogo na malengelenge

Ulipaka asubuhi, uso ukawa laini, ukarudi saa sita ukakuta vitundu kila mahali. Hewa iliyo kati ya vichembe vya polistirini, au ndani ya saruji, hutanuka joto linapopanda na kutafuta njia ya kutokea kupitia rezini iliyo laini. Nairobi tofauti ya joto kati ya saa mbili asubuhi na saa nane mchana ni kubwa, hasa Januari na Februari, na ukiiweka mandhari kwenye roshani jua likaipiga, hewa itachemka chini ya mpako. Paka alasiri joto linapoanza kushuka, ili polistirini inywee na kuivuta rezini ndani. Miezi ya baridi inaleta mvutano hapa, kwa kuwa usiku utachelewesha rezini. Suluhisho ni kuipasha mandhari joto kwanza, kuitoa kwenye joto, kisha kuipaka inapopoa.

Tabaka la kwanza liwe jembamba, la kuziba tu. Vitundu vilivyokwisha kutokea hujazwa kwa rezini iliyokazwa kwa unga laini wa silika, ukiukandamiza kwa kadi ya plastiki. Brashi haiingizi rezini kwenye tundu, huliruka.

Malengelenge yanayojitokeza wiki kadhaa baadaye, ndani ya maji, ni habari nyingine. Hayo mara nyingi ni unyevu uliofungiwa: epoksi ilipakwa juu ya saruji iliyoonekana kavu lakini ilikuwa na maji ndani. Kabla ya kupaka, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya saruji, ufunge kingo zote kwa utepe, ukiache usiku kucha. Ukikuta ukungu wa maji ndani yake asubuhi, subiri. Msimu wa mvua za masika unaweza kusubiri wiki mbili zaidi ya ulivyopanga, na hakuna njia ya mkato.

Mpako unabanduka au unapasuka

Ukibanduka pamoja na vichembe vyeupe vya polistirini nyuma yake, mpako umeshika vizuri, ila polistirini ni hafifu. Tumia ile nzito zaidi, ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba haibaki na shimo. Ukibanduka ukiwa safi, uso wa polistirini ulikuwa laini mno. Ukwaruze kwa brashi ya waya mpaka mng'ao usiwepo, upulize vumbi, ndipo upake uji mwembamba wa saruji ukiusugua ndani. Tabaka la pili na la tatu ndiyo yawe mazito.

Nyufa za saruji zilizo nyembamba, zinazokwenda kila upande, ni za kukauka upesi. Saruji hukomaa kwa maji. Ifunike kwa nailoni, inyunyizie asubuhi na jioni kwa angalau siku saba. Saruji ya 32.5 inayouzwa kila hadiwea hapa kwetu kwa kawaida huwa imechanganywa na pozolana, yaani unga wa mawe ya volkano. Hiyo huchelewa kupata nguvu, lakini huacha chokaa huru kidogo zaidi, jambo ambalo kwa samaki ni faida.

Mpako ukilainika na kugeuka tope ndani ya maji, nina wasiwasi ulitumia unga wa kusawazisha kuta za ndani. Mwingi wake ni jasi, nayo haivumilii kuzama. Hakuna kuutengeneza; toa wote.

pH inapanda na hairudi

Maji yanayogusa saruji mpya huvuta chokaa, na pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inaweza kupita 12. Hakuna samaki wa kuvumilia hapo. Maji mengi ya mfereji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini na vyanzo vingine vya milima ya Aberdare, nayo ni laini, yaani yana madini machache ya kuizuia pH isiyumbe. Chokaa kidogo tu kikiingia, kipimo kinaruka. Maji ya kisima kirefu, pamoja na mengi yanayoletwa na boza, mara nyingi huwa na alkali tayari kabla ya kugusa saruji yako. Kwa hiyo usipime tangi peke yake. Jaza ndoo kwa maji yale yale, iache wazi usiku mmoja karibu na tangi, upime vyote viwili asubuhi. Ndoo ikisoma 8.3 na tangi 8.4, mandhari yako haina kosa lolote. Ndoo ikisoma 7.2 na tangi 9, saruji inavuja.

Saruji isiyofunikwa huhitaji kulowekwa. Tumia pipa au beseni la kuogea, badilisha maji kila baada ya siku mbili au tatu, upime kabla ya kila kubadilisha. Wiki tatu hadi sita ni kawaida. Siki nyeupe kwenye maji ya kulowekea huharakisha kusafisha uso, ila ndani ya saruji bado kuna chokaa, kwa hiyo kipimo kizuri siku moja baada ya siki kisikudanganye. Subiri vipimo viwili mfululizo vinavyolingana na ndoo, kila kimoja baada ya siku tatu za kuloweka.

Hatari hasa haiko kwenye pH peke yake. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia, ile inayotokana na taka za samaki, iko katika umbo lenye sumu. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia 5, na kwenye pH 9 ni zaidi ya thuluthi. Tangi lililokuwa salama jana linaweza kuua leo bila uchafu wowote kuongezeka, ni pH tu iliyopanda.

Hapa ndipo uchaguzi wa mpako unapotegemea samaki unaowataka. Ukifuga mbuna wa Ziwa Malawi, wanaopenda pH ya 7.8 hadi 8.6, saruji iliyolowekwa vizuri haihitaji epoksi hata kidogo. Mabaki ya chokaa yanawasaidia, nawe umeokoa fedha. Ukifuga neoni tetra, diskasi au kamba wadogo wa maji laini, funika kwa epoksi tabaka mbili kamili, au acha saruji kabisa upake epoksi moja kwa moja juu ya polistirini. Kwa mandhari ya sentimita 120 kwa 50 yenye michongo, tabaka mbili hula yapata nusu kilo. Chagua epoksi iliyoandikwa kwamba haina viyeyushi, na ukipata iliyoidhinishwa kwa matangi ya maji ya kunywa, hiyo ndiyo ya kuchukua hata kama bei imezidi. Vanishi ya mbao na rangi ya mafuta ya milango zote ziache dukani. Rangi za kuzuia viumbe kuota kwenye mashua mara nyingi zina shaba, na shaba huua kamba na konokono kwa kiasi kidogo mno.

Kuhusu rangi ya mwamba, unga wa oksidi ya chuma unaotumiwa kwenye sakafu nyekundu na nyeusi unatosha. Changanya ndani ya saruji, au ndani ya epoksi usizidishe asilimia 5 ya uzito. Mchanga wa mto, ule wa Machakos uliooshwa mpaka maji yatoke meupe na kuanikwa ukakauka kabisa, ukinyunyizwa juu ya tabaka la mwisho likiwa bado bichi huficha alama zote za brashi. Mchanga wenye unyevu huacha mabaka meupe kama maziwa.

Samaki wanahema juu ya maji, au kuna utando wa mafuta

Hapa usianze na uchunguzi, anza na samaki. Wahamishie kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa klorini, yenye joto linalolingana, weka pampu ya hewa. Huna chombo kingine? Badilisha nusu ya maji, ongeza hewa, weka mkaa amilifu kwenye kichujio. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo.

Halafu pima. pH ikiwa juu kuliko ndoo, rudi kwa saruji. pH ikiwa sawa na amonia ikiwa sifuri, nusa maji na uangalie uso wake. Utando wenye rangi za upinde, povu lisilopasuka, au harufu ya kemikali humaanisha rezini au silikoni haikukomaa. Epoksi inayohisi ngumu siku ya pili bado inaendelea. Wengi hutaja siku saba kwa nyuzi 25, na kwa baridi yetu ya Julai mimi husubiri wiki tatu. Baada ya hapo jaza tangi, washa kichujio, usitie samaki kwa wiki moja, umwage maji yote, ujaze upya. Samaki wasitumiwe kama kipimo. Ndoo, pua na kipimo cha pH vinakuambia mengi kabla ya kuhatarisha uhai wa kiumbe.

Silikoni nayo ina lawama zake. Ile ya bafuni imewekwa dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo haibagui. Nunua iliyoandikwa ya akwariamu, au ya kioo isiyo na dawa ya kuvu.

Mandhari imeng'oka na kuelea

Watu husema silikoni ilikuwa feki. Fanya hesabu kwanza. Mandhari ya sentimita 120 kwa 50 yenye unene wa wastani wa sentimita 5 ina ujazo wa lita 30. Ikizama inasukuma kilo 30 za maji, na yenyewe polistirini ina uzito wa karibu nusu kilo. Saruji ya milimita 3 juu yake huongeza karibu kilo 3 na nusu, lakini ndani ya maji uzito huo hubaki chini ya kilo 2. Kwa hiyo kuna nguvu ya zaidi ya kilo 27 inayoisukuma mandhari juu, usiku na mchana, miaka yote. Mistari miwili ya silikoni pembeni haitaishinda.

Angalia silikoni imebaki wapi. Ikibaki kwenye kioo na nyuma ya mandhari ni safi, ilipakwa juu ya vumbi la saruji. Silikoni yenye harufu ya siki haishikani vizuri na saruji. Acha mgongo wa polistirini ukiwa mtupu na umekatwa safi, au uupake epoksi na kuukwaruza. Ikibaki kwenye mandhari na kioo ni safi, kioo kilikuwa na mafuta. Futa kwa spiriti mara mbili kwa vitambaa tofauti. Ukiipata katikati bado ni laini na inanuka siki, uliipaka ikiwa imetandazwa kote. Silikoni hukomaa kwa unyevu wa hewa kutoka ukingoni kuingia ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, na katikati ya bamba lililofungwa hewa haifiki. Paka mistari ya wima yenye nafasi kati yake, ukandamize, usubiri siku saba.

Njia salama zaidi ni kutotegemea silikoni peke yake. Kata mandhari iingie kwa kubana chini ya vioo vya kuimarisha vilivyo juu ya tangi. Silikoni itashikilia, na kioo kitazuia.

Harufu ya yai viza

Nyuma ya mandhari kuna maji yasiyotembea, na taka zimeozea huko bila oksijeni. Ama ziba kingo zote kabisa kwa silikoni, ama acha nafasi ya kutosha na upitishe bomba la kichujio huko. Nafasi ya sentimita moja isiyo na mkondo ndiyo mbaya kuliko zote, na samaki wadogo hukwama humo.

Mengine ambayo si hitilafu

Utando mweupe wa utelezi juu ya epoksi na silikoni mpya wiki za mwanzo ni bakteria, konokono wataula. Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole ni mwani wa tangi jipya, nalo hupungua lenyewe tangi likizoea. Epoksi kugeuka manjano kidogo ni taa na jua, na haiwadhuru samaki. Chumvi nyeupe kwenye saruji juu ya usawa wa maji ni chokaa kinachokaukia hapo, kifute kwa siki na kitambaa. Mikwaruzo ya samaki wanaotafuna mwamba ndiyo ya kuangalia kila unapobadilisha maji: ukiona nyeupe ya polistirini imejitokeza, shusha maji chini ya hapo, kausha, piga msasa, paka epoksi, na uache usawa wa maji chini ya kiraka mpaka kikomae.